Samaki Waliohesabiwa Wavuni

Mwaka 1968 meli zilizovua mashariki mwa Newfoundland na Labrador, nchini Kanada, zilipakia takriban tani 810,000 za chewa. Haikuwahi kutokea. Kwa zaidi ya karne nne za uvuvi katika maji yale, tani 300,000 zilihesabiwa kuwa mwaka wa neema. Yeyote aliyezitazama takwimu za 1968 bila kujua mengine angesema bahari ile imejaa kuliko ilivyopata kujaa. Miaka kumi baadaye zilitoka tani zisizofika 140,000, na tarehe 2 Julai 1992 serikali ya Kanada iliufunga uvuvi huo, kwa kuwa samaki waliobaki hawakutosha tena kuvuliwa. Kisa hiki husimuliwa zaidi kama kisa cha ulafi. Ulafi ulikuwepo, sibishi. Ila walafi hawajapata kukosekana katika zama zozote, na chewa aliishi nao karne baada ya karne bila kutoweka. Kinachohitaji kuelezwa ni kwa nini aliisha ndani ya miaka isiyozidi arobaini, mbele ya macho ya nchi tajiri yenye wataalamu, meli za utafiti na sheria. Jibu ninaloliona katika ushahidi ni hili: waliokuwa wakiisimamia bahari waliipima kwa kuutazama wavu, na wavu, kadiri ulivyozidi kuwa hodari, ndivyo ulivyozidi kusema uongo.

Kwanza jina. Kamusi zetu humwita samaki huyu chewa, jina ambalo mvuvi wa Mafia au Lamu analijua kwa samaki mwingine, yule mnene wa mapangoni mwa miamba. Wawili hawa si ndugu wa karibu. Chewa wa Atlantiki ni samaki wa maji baridi, mwenye madoadoa mgongoni, mstari mweupe ubavuni na kisharubu kimoja kidevuni cha kupapasia sakafu ya bahari. Akiachwa hupita urefu wa mita moja na huishi zaidi ya miaka 20. Wale wa kaskazini, ambao ndio wa habari hii, walikuwa wakipevuka wakiwa na umri wa miaka 6 hivi. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni katika msimu mmoja, na jike mzee humpita kwa mbali yule anayetaga mara ya kwanza. Hawa majike wazee tuwaweke akilini, maana watarudi.

Mwaka 1497, mwaka uleule Vasco da Gama alipong'oa nanga Lisbon kwa safari iliyomfikisha Mombasa na Malindi, nahodha Mwitalia Giovanni Caboto, ambaye Waingereza humwita John Cabot, alitweka tanga kutoka Bristol kuelekea magharibi kwa idhini ya Mfalme Henry VII. Viungo na hariri hakuvipata. Alichorudi nacho ni habari ya samaki. Mjumbe wa Milan aliyekuwa London, Raimondo di Soncino, alimwandikia bwana wake mwezi Desemba kwamba mabaharia hao wanadai samaki wa kule hushikwa hata kwa vikapu vilivyofungiwa mawe ili vizame. Maneno ya mabaharia waliotoka safari ndefu hupunguzwa kidogo kabla ya kumezwa, lakini yaliyofuata yaliyathibitisha kwa kiasi kikubwa. Ndani ya karne moja Wareno, Wabaski, Wafaransa na Waingereza walikuwa wakivuka Atlantiki kila mwaka, meli kwa mamia, kwa ajili ya samaki huyo mmoja. Humphrey Gilbert alipoingia bandari ya St. John's mwaka 1583 ili kuitwaa kwa niaba ya Malkia Elizabeth, alikuta meli za mataifa kadhaa zimekwisha kutia nanga, watu wake wako kazini.

Thamani ya chewa ilikuwa katika kukauka kwake. Mafuta yake huwa kwenye ini, nyama ikabaki karibu haina kitu, kwa hiyo akitiwa chumvi na kuanikwa hukakamaa kama ubao na kukaa miezi na miezi bila kuoza, kama ng'onda wetu. Ufukweni kulijengwa kibanda juu ya nguzo, maji yakipita chini yake, na ndani ya kibanda meza. Mtu wa kwanza alimpasua samaki koo na tumbo. Wa pili alichopoa ini na kuliweka kando kwa ajili ya mafuta, akang'oa matumbo, kisha akamlaza samaki shingo ukingoni mwa meza na kukivunja kichwa kwa uzito wa mwili wake. Wa tatu, aliyelipwa kuliko wenzake, alipitisha kisu kilichopinda chini ya uti wa mgongo na kuuchomoa kwa mikato miwili mitatu, samaki akafunguka bapa, na mtu wa chumvi akampokea. Wanawake na watoto ndio waliowaanika kwenye chanja za miti, wakiwageuza, wakiwafunika mvua ikija, na wakiwafunika pia jua likizidi, kwa sababu jua kali humuunguza samaki wa chumvi. Walio safi walikwenda Ureno, Hispania na Italia. Waliovunjika na walioungua walikwenda visiwa vya Karibi kulishwa Waafrika waliokuwa watumwani kwenye mashamba ya miwa, kwa hiyo sukari iliyonywewa na chai ya London ilikuwa na jasho la watu wetu na chakavu za Newfoundland ndani yake.

Je, kwa nini uvuvi wa namna hiyo, wa maelfu ya watu kwa karne nne na nusu, haukummaliza chewa? Wapo wanaojibu kwamba watu wa kale walikuwa na kiasi. Sioni ushahidi wa hilo. Walivua kila walichoweza. Kilichowazuia ni uwezo wenyewe. Mshipi una ndoana moja au mbili, na mashua ya makasia haivuki ukungu na barafu. Majira ya baridi chewa alishuka kwenye kina kirefu mbali na pwani, chini ya barafu inayoelea, akajikusanya huko na kutaga huko, na hakuna aliyemfuata. Samaki ambao mvuvi aliwaona ni wale waliosogea pwani kiangazi wakimfuata kapelini, samaki mdogo mfano wa dagaa anayekuja kutaga kwenye mchanga wa ufuko. Bahari ile, kwa maneno mengine, ilikuwa na hifadhi ambayo hakuna serikali iliyoitangaza: kina, giza, barafu na majira. Majike wazee walikaa humo. Dalili za mipaka zilikuwa zimeanza kuonekana hata hivyo. Mtego wa nyavu, mfano wa chumba kilichosimamishwa majini karibu na mwambao, ulienea baada ya miaka ya 1860, na malalamiko ya hori zilizopungua samaki yakaongezeka kiasi kwamba mwaka 1889 serikali ya Newfoundland ilifungua kituo cha kutotolesha mayai ya chewa kwenye kisiwa cha Dildo. Kituo hakikudumu hata miaka kumi. Lakini watu hawajengi kituo cha kutotolesha samaki kama wanaamini samaki hawana mwisho.

Miaka sita kabla ya hapo, kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Uvuvi jijini London, mwanabiolojia Thomas Henry Huxley alisema kwamba uvuvi mkubwa wa baharini, wa chewa ukiwemo, huenda hauwezi kumalizwa. Siku hizi hutajwa ili achekwe, na si haki. Huxley aliweka sharti ambalo wanaomcheka hulisahau, na ambalo waliomwamini walilisahau mapema zaidi: alisema kwa kuzingatia njia za uvuvi za wakati wake. Hoja yake ilikuwa na mantiki. Chewa wanaoliwa na maadui wengine baharini ni wengi mno hata mkono wa mvuvi hauonekani. Na samaki wakipungua, uvuvi hautalipa, wavuvi wataacha, samaki wataongezeka. Mantiki hiyo ina matundu mawili, na yote mawili bado yamo katika hoja za leo. La kwanza ni mayai. Mayai mamilioni husemwa kana kwamba ni akiba, ilhali ni kipimo cha vifo: jike hutaga mamilioni kwa sababu karibu yote yatakufa, na ukiondoa majike, hasa wale wazee wanaotaga vizuri mwaka mbaya na mwaka mzuri, umeondoa bahati chache ambazo uzao mzima ulizitegemea. La pili ni gharama. Uvuvi hukoma kulipa pale tu ambapo kumtafuta samaki kunagharimu kuliko bei yake. Mashine inayomtafuta samaki kwa urahisi huishusha gharama hiyo, bei hupanda samaki wakiadimika, na serikali inayolipia mafuta na meli huziba pengo linalobaki. Breki aliyoitegemea Huxley ilifunguliwa bolti moja moja.

Mwaka 1954 ilianza kazi meli iitwayo Fairtry, mali ya Christian Salvesen ya Leith, Uskoti, kampuni iliyokuwa imetajirika kwa nyangumi. Wavu wake ulipandishwa kwa mteremko wa nyuma, kama nyangumi walivyopandishwa. Chini ya sitaha mlikuwa na mashine za kutoa minofu, vyumba vya kugandisha, na kinu cha kusaga vichwa na miiba kuwa unga. Ilikuwa kiwanda kinachoelea, kisichohitaji kurudi bandarini kwa wiki nyingi. Wasovieti waliiga upesi, kisha wakaja Wajerumani, Wapolandi, Wahispania, Wareno na wengine. Mitambo ya mwangwi iliwaonyesha manahodha samaki walipo hata usiku wa manane, na miili ya meli hizo ilistahimili barafu. Zilifika majira ya baridi kwenye kilindi cha Labrador, eneo la Hamilton Bank, pale ambapo chewa walikuwa wamejikusanya kutaga, mahali ambapo hapakuwahi kufika mshipi wala mtego. Inakadiriwa kwamba tani milioni 8 zilizovuliwa kati ya 1647 na 1750, meli hizi zilizivua kwa miaka 15 tu. Zile tani 810,000 za 1968 zilitoka humo, kwenye hifadhi ya kale. Ni kama mtu anayebomoa nyumba yake, anauza matofali, halafu anaandika kwenye daftari kwamba mwaka huu kipato kimepanda.

Tarehe 1 Januari 1977 Kanada ilisogeza mpaka wake wa uvuvi hadi maili 200 za baharini, na meli nyingi za kigeni zikaondoka. Hapa natofautiana na simulizi linalopendwa Newfoundland mpaka leo, kwamba chewa walimalizwa na wageni. Anguko la kwanza ni la wageni, hilo halina ubishi. Lakini baada ya 1977 samaki walianza kuongezeka taratibu, na anguko la pili, lililoua, lilitokea ndani ya mpaka kwa meli zenye bendera ya Kanada. Furaha ya kurudishiwa bahari iligeuka haraka kuwa mikopo, viwanda vipya na meli mpya za kukokota nyavu. Makampuni makubwa yalipoelekea kufilisika mapema miaka ya 1980, serikali iliyanusuru kwa fedha za umma na kuyaunganisha, badala ya kujiuliza kama samaki wa kuyalisha wapo. Katikati ya muongo huo kiwango cha kuvua kwa mwaka kiliwekwa tani 266,000.

Kiwango hicho hakikutungwa hewani, na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Idara ya uvuvi ilikuwa na vipimo viwili. Kimoja kilikuwa meli yake ya utafiti, iliyopita kila majira ya kupukutika majani ikikokota wavu kwenye vituo vilivyochaguliwa kwa kura, penye samaki na pasipo na samaki. Cha pili kilikuwa takwimu za meli za biashara: tani ngapi kwa saa ya kukokota. Vipimo hivi vilianza kuachana. Meli ya utafiti ilikuta samaki wachache kuliko ilivyotarajiwa, meli za biashara zikaendelea kujaza nyavu kama kawaida au kuzidi. Wataalamu walichukua katikati. Kosa lilikuwa kudhani kwamba vyote viwili vinapima kitu kimoja. Chewa wakipungua hawasambai kwa usawa kama chumvi ndani ya maji. Hukaza kundi, wanahama kutoka pembezoni na kujibana pale pazuri kabisa. Nahodha mwenye mtambo wa mwangwi haendi kwenye vituo vya kura. Anaenda pale walipojibana, na siku ya kundi la mwisho wavu wake utajaa kama siku ya kundi la kwanza. Tani kwa saa zilipima ujuzi wa nahodha na ubora wa mitambo yake. Juu ya bahari hazikusema kitu.

Walikuwepo watu waliokuwa na kipimo kingine, nao ni wavuvi wadogo wa pwani. Mtego wao hauendi popote. Husimikwa horini na kungoja samaki waje, na samaki wasipokuja hauna hila ya kuwatafuta, kwa hiyo ulikuwa chombo cha kupimia chenye uaminifu kuliko meli ya mamilioni ya dola. Tangu mapema miaka ya 1980 waliokuwa na mitego walisema samaki wamepungua, na wanaokuja ni wadogo. Walijibiwa kwamba ni maji tu, baridi imewazuia samaki kusogea pwani. Mwaka 1986 chama chao kiliwaajiri wanabiolojia watatu wa Chuo Kikuu cha Memorial, ambao waliipitia hesabu ya serikali na kuonyesha kwamba imekuza idadi ya samaki. Waliwekwa kando. Mwanzoni mwa 1989 wataalamu wa idara wenyewe, baada ya kupiga hesabu upya, walifika huko huko: walikuwa wakidhani huvuliwa karibu samaki mmoja kati ya watano kila mwaka, kumbe ni angalau mara mbili ya hapo. Walishauri kiwango kishuke hadi tani 125,000. Waziri akaweka 235,000. Mwaka uliofuata kiwango kilishushwa kufika karibu 200,000. Wanasiasa waligawana tofauti kati ya samaki waliopo na samaki wanaotakiwa, kana kwamba samaki ni upande mmoja kwenye mazungumzo ya mishahara. Hofu yao ya kufunga viwanda ilikuwa ya kweli, na mtu asiyewahi kukisimamia kijiji chenye kiwanda kimoja asiwe mwepesi wa kuidharau. Ila kila mwaka walioununua kwa ajili ya viwanda waliulipia kwa samaki wazazi.

Waziri aliyeukuta mzigo huo ni John Crosbie, mwenyewe mtu wa Newfoundland. Tarehe 1 Julai 1992, kwenye bandari ndogo ya Bay Bulls, wavuvi walimzunguka wakimfokea, naye akawafokea kwamba si yeye aliyewatoa samaki majini. Kesho yake alisoma tangazo la kufunga uvuvi ndani ya hoteli moja ya St. John's, wavuvi wakiwa wamefungiwa nje ya chumba, wakiupiga mlango kwa mabega na miguu ili wauvunje. Kilichowachoma zaidi kilikuwa malipo ya dola 225 kwa wiki, ambayo baadaye yaliongezwa. Watu wapatao 30,000 walipoteza kazi, na hakuna tangazo moja lililokuwa limewaondoa kazini watu wengi kiasi hicho katika historia ya Kanada. Ilisemwa ni kwa miaka miwili.

Pingamizi zito kuliko yote ni la maji na sili. Ni kweli kwamba mapema miaka ya 1990 maji ya Labrador yalikuwa baridi kupita kawaida, kapelini wakayumba, na sili, ambao uwindaji wao ulikuwa umepungua baada ya Ulaya kupiga marufuku ngozi za watoto wao mwaka 1983, walikuwa wameongezeka kufikia mamilioni. Kwa nini basi tuwalaumu wavuvi? Jeffrey Hutchings na Ransom Myers, walioipitia historia ya samaki hao katika utafiti wa mwaka 1994, walijibu kwamba miaka ya baridi ilikuwepo mara nyingi nyuma na chewa hawakutoweka. Nadhani jibu hilo linatosha likiongezewa majike wazee. Jamii ya samaki yenye rika kumi na tano ndani yake inaweza kupoteza uzao wa miaka minne mibaya na ikaendelea. Ile iliyobakizwa rika tatu au nne, kwa sababu kila aliyekua alivuliwa, haina pa kujishika baridi inapokuja. Baridi ilikuwa sababu kwa maana ambayo upepo ni sababu ya kuanguka nyumba iliyokatwa nguzo. Kuhusu sili, sina shida kukubali kwamba wanachelewesha kupona. Lakini Caboto alipofika sili walikuwepo, na vikapu vilijaa.

Upo pia ushahidi wa upande wa pili wa bahari. Katika Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei na Urusi, chewa wa spishi ileile walikuwa wakididimia miaka hiyohiyo. Mwaka 1990 Norwei na Umoja wa Kisovieti zilikata mgawo hadi tani 160,000 hivi, wavuvi wa Norwei wakakaza mikanda kwa uchungu mkubwa. Bahati ya maji iliwasaidia, tuseme ukweli, kwani miaka iliyofuata ilikuwa na uzao mzuri. Mwaka 2013 mgawo wa bahari ile ulifika tani milioni 1. Bahati iliwakuta wakiwa bado na wazazi baharini. Ingeikuta Newfoundland, isingekuwa na wa kumbahatisha.

Huko Newfoundland miaka miwili ikawa kumi, na mwaka 2003 kamati ya kitaifa ya wataalamu iliwataja chewa hao kuwa katika hatari ya kutoweka. Utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha kwamba hata kabla ya anguko samaki walikuwa wameanza kupevuka mapema, wakiwa wadogo kwa umri na kwa mwili. Wavu ulikuwa umewachagua: anayengoja mpaka awe mkubwa huvuliwa kabla hajataga, na anayetaga mapema huacha watoto wanaofanana naye. Uvuvi uliwapunguza na ukawabadilisha. Chini ya bahari kaa na kamba waliongezeka sana, baada ya adui yao kuondoka na maji kuwapendeza, na thamani yao ikapita thamani ya chewa wa zamani. Wapo wanaosema basi hasara iko wapi? Iko kwa watu. Kaa wa dola nyingi huhitaji mashua chache kubwa na vibarua wachache. Chewa alikuwa kazi ya kila hori. Sensa ya 1991 ilihesabu watu 568,000 katika jimbo hilo, ya 2006 ikahesabu 505,000, na waliokosekana wengi walikuwa vijana.

Walipotafuta wa kumlaumu, Wakanada walimpata mwezi Machi 1995, walipoikamata nje ya maili 200 meli ya Kihispania Estai iliyokuwa ikivua halibuti wa Greenland. Waziri Brian Tobin aliusafirisha wavu wake mpaka New York, akautundika kwa winchi juu ya tishari kwenye Mto East, ng'ambo ya jengo la Umoja wa Mataifa, na kuwaonyesha waandishi wa habari jinsi macho yake yalivyo madogo na samaki waliovuliwa walivyo wachanga. Lilikuwa onyesho zuri, na mwaka huohuo ulileta mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu samaki wanaovuka mipaka. Nyavu za nyumbani hazikutundikwa popote.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilihesabu mwaka 2024 kwamba mwaka 1974 asilimia 10 ya makundi ya samaki wa baharini yanayofuatiliwa yalikuwa yamevuliwa kupita kiasi, na mwaka 2021 yalikuwa asilimia 37.7. Bahari yetu imo kwenye hesabu hiyo. Mapema miaka ya 1980 Wafaransa na Wahispania walileta meli zao za jodari kutoka Atlantiki hadi maji ya Shelisheli, na leo huacha maelfu ya vyelezo vinavyoelea vyenye mtambo wa mwangwi, vikiwaarifu kwa setilaiti kiasi cha samaki waliojikusanya chini yake. Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao Shelisheli, ilitamka mwaka 2015 kwamba jodari wa mapezi njano wamevuliwa kupita kiasi, nchi kadhaa wanachama zikapinga kupunguziwa, kisha tathmini ya 2024 ikasema hali imerejea kuwa salama. Huenda ni kweli. Ila jodari hana meli ya utafiti inayomfuata kwa kura. Idadi yake hukadiriwa kwa sehemu kubwa kutokana na kile ambacho meli za biashara zinapata.

Kanada iliufungua uvuvi wa chewa wa kaskazini tarehe 26 Juni 2024, baada ya miaka 32, kwa kiwango cha tani 18,000. Samaki hawakuwa wameongezeka ghafla. Mwaka uliotangulia wataalamu walikuwa wameingiza katika hesabu takwimu za tangu 1954 na kuushusha mstari wa hatari, na samaki walewale waliokuwa chini ya mstari wakajikuta juu yake. Sidai kwamba marekebisho hayo hayana msingi wa kisayansi. Lakini wavuvi wa pwani walikuwa wameahidiwa kwamba uvuvi ukirudi, tani 115,000 za kwanza zitakuwa zao na za wenyeji asilia kabla ya meli kubwa kuruhusiwa, na chama chao kiliupinga uamuzi huo waziwazi, kwa sababu katika zile tani 18,000 meli za kukokota nyavu zilipewa fungu, na za kigeni zilizoko nje ya maili 200 zikapewa lao.